Mapafu hayanenepi

Wanakuja Jumatatu. Saa moja na nusu asubuhi wamesimama mlangoni wakibadilisha viatu, makoti yamepigwa pasi, stethoskopu shingoni, kijitabu kimevimbisha mfuko. Watatu, mara nyingine wanne. Baada ya wiki nane wataondoka na Jumatatu nyingine italeta wengine. Wenyewe wanaita rotesheni. Hawa si wanafunzi wa kufundishwa kuvaa glavu. Ni madaktari kamili: miaka mitano ya chuo, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na baadhi yao wamewahi kuwa waganga wafawidhi wa vituo huko vijijini kabla ya kurudi shule kusomea ubingwa. Marezidenti.

Sisi wauguzi hatuzunguki. Mimi huu ni mwaka wa kumi na mbili niko chumba cha wagonjwa mahututi, ICU, katika hospitali mbili tofauti za huku kanda ya ziwa, na kwa hesabu ya haraka haraka nimepokea marezidenti zaidi ya 200. Hospitali sizitaji. Wagonjwa nitakaowasimulia nimewabadilisha umri, kijiji na hata ugonjwa pale ilipobidi, kwa hiyo usihangaike kumtafuta shemeji yako humu.

Nyumbani kwangu Igoma, Mwanza, ukisema fulani yuko ICU, kuna jirani ataanza kuuliza turubai la msiba litafungwa upande gani. Simlaumu sana. Kwa watu wengi hilo ni neno la mwisho kulisikia kabla ya simu ya saa nane usiku. Lakini wengi wanatoka wakitembea, au wakisukumwa kwenye kiti huku wakilalamikia chakula, na mgonjwa akianza kulalamikia chakula mimi roho yangu inatulia.

Rezidenti mpya akiingia, naangalia kitu kimoja tu: macho yake yanakwenda wapi kwanza. Wengi yanakwenda kwenye monita, na siwezi kuwalaumu, maana monita inalia, ina rangi, ina namba zinazopepesa. Mgonjwa amelala kimya chini ya shuka la kijani. Kuna mmoja, kijana mzuri tu, siku yake ya kwanza alikuta oksijeni ya damu inasoma asilimia 71. Akaruka. Akafungua oksijeni hadi mwisho, akaita mashine ya kupumulia iletwe, akaniambia, “Sista, tujiandae kumwekea mpira wa pumzi kooni.” Mgonjwa mwenyewe, mzee wa Magu, alikuwa akimtazama kwa mshangao. Alishaniomba soda ya baridi mara mbili asubuhi ile. Nikaenda nikainua mkono wake: kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kilikuwa kimeteleza mpaka kwenye ncha ya ukucha. Nikakihamishia kidole kingine. 97.

“Dokta,” nikamwambia, “mtu wa 71 huwa haombi soda.”

Kibanio kile nakiheshimu, msinielewe vibaya. Kanuni yake ilibuniwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974: taa mbili zinapita kwenye kidole, nyekundu na nyingine isiyoonekana kwa macho, kisha kifaa kinapima jinsi damu inayodunda inavyozimeza. Basi. Kidole kikiwa na baridi, kikiwa na rangi ya kucha, mgonjwa akitetemeka, kifaa kitasoma kitu na kitu hicho kinaweza kuwa uongo. Ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali.

Wanatofautiana kwa idara walikotoka, na ukikaa nao muda mrefu unaweza kumjua mtu kabla hajajitambulisha. Wa upasuaji anauliza mgonjwa wake atarudi wodini lini. Wa magonjwa ya ndani anaandika kurasa tatu kwenye faili, nzuri kabisa, na mimi natafuta ndani yake ni dawa gani nimpe sasa hivi. Wa watoto anahesabu kila mililita. Wa uzazi anakuja na mgonjwa wa kifafa cha mimba na haondoki pembeni yake. Wa dawa za usingizi ndio wenyeji, kwa hiyo wanatembea kama wamezaliwa mle ndani, na hao ndio wa kuwachunga zaidi.

Kwenye mfuko wa sare yangu nina futi ya fundi cherehani. Ya njano, niliinunua mjini, Makoroboi, kwa pesa ya maandazi. Marezidenti hudhani nashona nguo za watoto usiku.

Nitaeleza inafanya nini. Alilazwa mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, mwenye kilo zisizopungua 90, homa ya mapafu imemchosha mpaka hawezi tena kuvuta pumzi mwenyewe. Kawekewa mpira, kaunganishwa kwenye mashine. Mashine inataka kuambiwa: kila pumzi niingize hewa kiasi gani? Rezidenti akafanya hesabu ya kitabuni, mililita 6 kwa kila kilo. Sita mara tisini, 540. Akaweka. Hesabu haina kosa. Kosa lilikuwa kwenye zile kilo.

Nikatoa futi. Nikamwomba ashike kisigino, mimi nikashika utosi, tukampima akiwa amelala. Sentimita 155. Kuna kanuni ya kupata uzito unaolingana na urefu: kwa mwanamke unaanza na 45.5, unaongeza 0.91 kwa kila sentimita iliyozidi 152.4. Mwanaume anaanzia 50. Yule mama akatoka na kilo 48. Mara sita, mililita 288, karibu nusu ya kile mashine ilichokuwa inamsukumia.

“Sista, lakini ni mkubwa huyu.”

“Amekula sangara na ugali akanenepa, Dokta. Mapafu hayanenepi. Yamebaki yale yale ya binti wa miaka ishirini.”

Akacheka, akapunguza. Baadaye alhamisi kwenye kikao cha kusoma tafiti, ambacho wauguzi tunaruhusiwa kukaa nyuma, aliwasilisha utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2000: wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyojeruhiwa vibaya, nusu walipewa pumzi kubwa za mililita 12 kwa kilo kama ilivyozoeleka enzi hizo, nusu wakapewa ndogo za 6. Waliopewa kubwa walikufa asilimia 39.8, waliopewa ndogo asilimia 31. Hakuna dawa mpya hapo. Hakuna mashine mpya. Kuna mtu aliyepunguza namba kwenye kitufe. Na uzito waliotumia ulikuwa huo huo wa futi, si wa mizani. Nimeona hospitali zenye mashine za mamilioni ambazo hazina futi ya kupimia urefu wa mtu aliyelala, na sijui kama hilo ni la kucheka au la kulia.

Sasa ule usiku wa mvua.

Ilikuwa vuli, Novemba, radi inapiga ziwani mpaka mabati yanajibu. Wanaoishi Mwanza wanajua: radi ikianza hivyo unachaji simu mapema. Tulikuwa na wagonjwa wawili kwenye mashine za kupumulia. Umeme ukaenda. Jenereta huwa inachukua muda mfupi kushika. Siku hiyo haikushika. Mashine moja ilikaa kwenye betri vizuri, nyingine betri yake ilikuwa imechoka kama mwenye nayo, ikalia dakika chache ikazima. Rezidenti wa zamu akachomoa mpira kwenye mashine, akauunganisha na ambu, ule mfuko wa kupumulishia kwa mkono, akaanza kubana.

Alibana kama mtu anayepepea jiko la mkaa wageni wameshafika. Nilihesabu kwa tochi ya simu: karibu mara 40 kwa dakika. Nilimwelewa. Woga ukiwa mkononi, mkono unakimbia. Lakini hewa ukiiingiza kabla ya ile ya kwanza kutoka, inarundikana, kifua kinajaa, damu inayorudi moyoni inakosa njia, presha inaporomoka, na wewe ukiona presha inaporomoka unabana kwa kasi zaidi. Nimewahi kuona mtu akiuawa hivyo kwa bidii.

Nikaweka mkono wangu juu ya wake. “Dokta, tuhesabu wote. Moja, mbili, tatu, nne, bana. Moja, mbili, tatu, nne, bana.” Mara kumi na mbili kwa dakika. Mwanzoni mkono wake ulikuwa unanisukuma, kisha ukalainika. Tukaenda hivyo gizani, mvua inapiga, yeye anahesabu kwa sauti ya mtu anayesali. Baada ya muda akasema, “Sista, mfuko umekuwa mgumu.” Nikamuuliza maana yake nini. Akafikiri. “Makohozi.” Tukavuta makohozi kwa pampu ya mguu, akarudi kubana, akasema, “Umelainika.” Mashine ingempigia kengele tu na kuonyesha namba ya presha ya hewa. Yeye aliligusa pafu la mtu, likamjibu. Dakika 25 zile nadhani alijifunza zaidi ya wiki tatu zilizotangulia, ingawa sikuwa na nguvu ya kumwambia hivyo, na yeye hakuwa na nguvu ya kusikia.

Umeme uliporudi tulikaa kwenye benchi la wauguzi tukanywa chai ya termosi, nikamsimulia habari ambayo mimi nilisimuliwa na bingwa mmoja wa usingizi nikiwa mgeni. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulipata mlipuko wa polio, watu wanapooza mpaka misuli ya kupumulia. Hospitali ya Blegdam haikuwa na mashine za kutosha, na wengi wa waliopooza pumzi walikuwa wanakufa, kama asilimia 87. Mwezi wa Agosti daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akaitwa kumwona binti wa miaka 12 aliyekuwa anaelekea mwisho. Akaagiza atobolewe koo, akaweka mpira, akaanza kumpumulisha kwa mfuko wa mkono. Binti akarudi. Sasa mifuko ilikuwepo, mikono ndiyo ilikosekana. Wakaita wanafunzi wa udaktari na wa meno, wapatao 1,500 kwa miezi ile, wakapangiana zamu, kila mgonjwa na mwanafunzi wake, usiku na mchana, wanabana na kuachia. Vifo vikashuka hadi robo hivi ya wagonjwa. Mwaka uliofuata, Desemba 1953, Ibsen akafungua chumba maalumu cha wagonjwa wa namna hiyo, na hicho ndicho huhesabiwa kuwa ICU ya kwanza.

“Kwa hiyo mashine ya kwanza ya ICU,” rezidenti akasema, akitazama viganja vyake, “ilikuwa mwanafunzi aliye kwenye rotesheni.”

Nikamwambia anywe chai, inapoa.

Zamu ndiyo mada inayowagombanisha kuliko zote. Rezidenti anaingia asubuhi, anashinda, analala kwa maana ya kuegemeza kichwa kwenye meza, anaamkia raundi ya asubuhi na kuwasilisha wagonjwa mbele ya mabingwa. Saa 24, na mara nyingi zinavuka. Sisi wauguzi tunakabidhiana na kwenda nyumbani, yeye yupo. Kuna alfajiri moja, saa kumi, nilipewa karatasi ya dawa iliyoandikwa insulini 4U. Ile U ya Kiingereza ya uniti, ikiandikwa na mtu aliyesinzia, inafunga mdomo wake juu. Ikawa 40. Nikamfuata. “Dokta, hii ni nne au arobaini?” Aliitazama kwa muda mrefu, kama ameandika mtu mwingine. “Nne, Sista. Nne.” Kisha akaketi chini sakafuni, si kwenye kiti. Tangu siku hiyo nikiona U nairudisha, hata iwe ya profesa. Waandike neno zima.

Wenzetu wamelipima hili. Boston, mwaka 2004, walilinganisha madaktari wa mwaka wa kwanza ndani ya ICU: kwa ratiba ya zamani yenye zamu za zaidi ya saa 24, makosa mazito yalikuwa mengi kwa karibu asilimia 36 kuliko kwa ratiba iliyofupishwa. Marezidenti wanaupenda utafiti huu, wanautaja mpaka kantini. Ule wa mwaka 2020 hawautaji sana. Ulifanyika katika vyumba sita vya watoto mahututi huko huko Marekani, na safari hii zamu fupi ndizo zilizoleta makosa mengi zaidi. Walipochungulia, wakaona kwamba kwenye zamu fupi kila rezidenti alibeba wagonjwa wengi zaidi, na wakiiweka hesabu ya wagonjwa sawa, tofauti inatoweka. Yaani ukimpunguzia mtu saa bila kuongeza mtu, umemhamishia mzigo kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Mimi msimamo wangu uko wazi, nimeusema kwenye vikao: waletwe wengi zaidi, wakae muda mrefu zaidi ya wiki nane, walale. Wiki mbili za kwanza mtu anatafuta mahali droo ya adrenalini ilipo. Mbili za mwisho anasoma mtihani. Zinabaki nne, na katika hizo nne kuna siku za mapumziko.

Sasa niseme langu, maana nimewasema wenzangu vya kutosha.

Kijana mvuvi, aliletwa kutoka visiwani, homa siku tano, presha 80 kwa 40, amechanganyikiwa. Maambukizi kwenye damu. Rezidenti alikuwa wiki yake ya pili, mtu makini, mpole. Akafungua dripu ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu. Presha ikapanda kidogo. Akaagiza ya nne. Mimi niko miguuni pa kitanda. Naona mishipa ya shingo imesimama. Nahesabu pumzi kwa saa ya ukutani, dakika nzima kama tulivyofundishwa: 38, wakati mwanzo zilikuwa 26. Nasikia kifua kinachemka bila stethoskopu. Nilijua maji yanamjaa mapafuni. Nikajiambia, yeye ndiye dokta. Nikajiambia, amesoma kuliko mimi. Nikatundika ya nne.

Saa kumi na mbili asubuhi kijana alikuwa kwenye mashine. Alitolewa siku ya sita. Alipona, akarudi ziwani, mama yake alituletea sato wawili wakubwa ambao hatukuruhusiwa kuwapokea na ambao sijui waliishia wapi. Lakini siku zile sita zilikuwa zangu. Rezidenti hakuwa na macho yangu. Nilikuwa nayo mimi, nikayafumba.

Na jambo la dripu, kwa bahati, ni sehemu ambayo Afrika iliufundisha ulimwengu. Mwaka 2011 ulitoka utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na kwetu Muheza, watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Kitabu kilisema wamiminiwe maji haraka. Waliomiminiwa, kama asilimia 10.5 walikufa ndani ya saa 48. Waliopewa taratibu tu, asilimia 7.3. Mwaka 2017 yakaja ya watu wazima kutoka Lusaka, Zambia: waliofuata utaratibu wa maji mengi na mapema walikufa asilimia 48.1, wenzao wa matibabu ya kawaida asilimia 33. Wengi walikuwa na maambukizi ya VVU, wamedhoofu, na hapakuwa na mashine ya kumpokea kila aliyejaa maji kifuani. Utaratibu wenyewe ulitengenezwa kwenye hospitali ambako mashine ipo ukutani ikisubiri. Ule mfuko wa nne nilioutundika ulikuwa na ruhusa ya kitabu. Haukuwa na ruhusa ya kifua cha kijana yule.

Tangu hapo nina sentensi moja. Simwambii rezidenti amekosea. Kwetu huku ukimwambia dokta amekosea mbele ya watu umeshaharibu, hata kama una haki, atashikilia alichosema mpaka kiama. Nasema: “Dokta, naomba tumtazame pamoja.” Anakuja, tunasimama wote miguuni pa kitanda, tunamfunua mgonjwa, tunahesabu pumzi dakika nzima bila kusemeshana. Mara nyingi hafiki dakika. Ameshaona. Anafunga dripu mwenyewe na mimi nageuka kutafuta kitu kabatini.

Kuna kufundishana kwa namna nyingine pia. Wengi wanatoka Dar, Moshi, Mbeya. Ndugu wa wagonjwa wanatoka Misungwi, Kwimba, Sengerema. Rezidenti mmoja alitoka nje kwenye mabenchi kumweleza mama wa Kisukuma habari za mwanawe. “Mama, hali yake ni tete sana.” Mama akashika mdomo. Alipoondoka, mama akanivuta kanga, “Mayu, mbona hawakutuambia mapema kuwa ni tetekuwanga?” Nikaketi naye, nikamweleza kwa Kisukuma kwamba moyo umechoka, kwamba usiku huu hatujui, kwamba aruhusiwe kuingia kumshika mkono. Akasema wabeja, yaani asante. Rezidenti nilimfuata baadaye nikamwambia neno tete alitumie redioni. Akaniomba nimfundishe maneno kumi. Alijifunza matano, akayatamka vibaya, na wamama wakampenda kwa hayo.

Lakini ukiniuliza wiki nane zile ni za nini hasa, sitasema mashine. Mashine watazisoma. Mwaka 2025 jarida la Lancet lilitoa hesabu ya hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika: mgonjwa mmoja kati ya kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na kati ya hao mahututi, asilimia 69 walikuwa kwenye wodi za kawaida. Wodi za kawaida! Kitanda cha katikati kule, karibu na dirisha, mwuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi, anapimwa presha asubuhi na jioni kama siku ni njema. Mmoja kati ya watano wa hao mahututi alikufa ndani ya wiki moja. Chumba changu, chenye vitanda vya kuhesabika kwa vidole, hakiwezi kuwapokea hata wakiletwa wote. Kwa hiyo anayepita kwangu lazima aondoke na macho, maana kule anakokwenda hatakuwa na kitu kingine. Kuhesabu pumzi. Kuinua kichwa cha kitanda. Kumlaza ubavu aliyezimia. Kusafisha koo. Oksijeni kabla ya kutafuta simu ya bingwa. Mambo ya kuchosha, hakuna anayepigwa picha akiyafanya.

Mwezi uliopita, saa tano usiku, simu ikaita. Yule wa ambu. Amemaliza, yuko hospitali ya wilaya ng'ambo huko, daktari pekee usiku ule. Mama aliyejifungua jioni, kifafa cha mimba, degedege limekoma ila amelala fofofo, anakoroma, oksijeni 86 na mashine ya kuzalisha oksijeni imeshafika lita 5, mwisho wake.

“Pumzi?”

“Thelathini na nne. Dakika nzima, Sista.”

“Umemlaza ubavu?”

“Ubavu, nimemvuta makohozi, goti linaruka, mkojo unatoka.” Hayo mawili ya mwisho sikumuuliza, ndiyo ya kuangaliwa kabla ya dozi nyingine ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege. Nikajua anafikiri.

“Kichwa cha kitanda?”

Kimya. “Kitanda hiki hakikunji, Sista. Ni kile cha chuma.” Kisha simu ikakatika, mtandao wa huko ukiwa kama ulivyo.

Nikakaa macho. Saa sita na robo ikaingia picha. Mgonjwa haonekani, ni miguu miwili tu ya kitanda, ya upande wa kichwani, kila mmoja umesimama juu ya matofali mawili ya kuchoma yenye masizi. Chini ameandika 93.

Nikamwuliza matofali yenye masizi kayatoa wapi saa hizi. Akajibu ni ya jiko la mama lishe wa getini, kayaazima kwa mlinzi, na inabidi apate mengine kabla ya saa kumi na moja alfajiri, maana mama anakuja kubandika chai.